Vichocheo vya chembe nano za metali kwenye haidrojenesheni ya viwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kemia, mafundi wa viwanda vya mafuta na dawa, na wafanyabiashara waliotajiwa bei ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa nao) wakashtuka. Wengi wao huanza na asilimia ya metali iliyoandikwa kwenye pipa. Asilimia hiyo ina maana, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachofanya kazi ni metali iliyokaa katika hali fulani: ukubwa wa chembe zake, kitu kilichozibeba, na usafi wa kile unachokipitisha juu yake.

Haidrojenesheni ni nini?

Ni kuiunganisha haidrojeni na molekuli nyingine, mara nyingi pale penye bondi mbili au tatu kati ya kaboni na kaboni, au penye kundi kama la nitro. Matokeo yake yako kila mahali nyumbani. Mafuta ya soya yaliyokuwa majimaji yanaganda. Glukosi inakuwa sorbitoli, ile inayoifanya dawa ya meno isikauke kwenye tyubu. Naitrobenzini inakuwa anilini, na kutoka kwa anilini linapatikana povu gumu la kuzuia joto linalojazwa kwenye kuta za friji. Benzini inakuwa saikloheksani, malighafi ya nailoni. Hata haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda hutengenezwa kwa njia ambayo hatua yake ya kwanza ni haidrojenesheni, kwa kawaida juu ya paladiamu.

Mbona haidrojeni haiingii yenyewe?

Kwa sababu atomi zake mbili zimeshikana sana. Kuzitenganisha kunataka kilojuli 436 kwa kila moli. Mmenyuko wenyewe ukishaanza hutoa joto, tena jingi. Kikwazo kiko mlangoni. Ukiweka mafuta na haidrojeni pamoja kwenye chombo kisicho na kichocheo, hata ukipasha moto vya kutosha, utasubiri sana.

Juu ya uso wa nikeli, paladiamu au platinamu, molekuli ya haidrojeni inapotua hugawanyika na kuwa atomi mbili zilizoshikiliwa na metali. Molekuli nyingine nayo inatua jirani, inapokea atomi moja, kisha ya pili, halafu inaondoka. Maelezo haya ya hatua mbili yalitolewa na Horiuti na Polanyi mwaka 1934 na bado ndiyo tunayoyatumia. Kumbuka neno "hatua mbili", kwa maana huko mbele ndiko kesi ya mafuta ya transi, yale yanayodhuru moyo, inakozaliwa.

Nani aligundua?

Kule Toulouse, Ufaransa, mwaka 1897, Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walipitisha ethilini na haidrojeni juu ya nikeli ya unga na wakapata ethani. Sabatier alikuwa amevutiwa na habari kwamba nikeli inaweza kuungana na kaboni monoksaidi, jambo lililotangazwa na Ludwig Mond na wenzake mwaka 1890. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912, pamoja na Victor Grignard.

Sabatier alifanya kazi na gesi na mvuke. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyeipeleka haidrojeni ndani ya mafuta yaliyo majimaji, akapata hataza mwaka 1902. Kampuni ya sabuni ya Crosfield ya Warrington, Uingereza, ikaichukua njia hiyo na kuanza kugandisha mafuta, yakiwemo ya nyangumi. Mwaka 1911 Procter & Gamble wakaingiza Crisco sokoni Marekani, mafuta ya pamba yaliyogandishwa yakachukua nafasi ya mafuta ya nguruwe jikoni.

Kwa nini chembe ziwe nano?

Mmenyuko hutokea juu ya uso tu. Atomi iliyojificha katikati ya kipande cha metali umeilipia lakini haikufanyii kazi.

Chukua gramu moja ya paladiamu. Ikiwa kipande kimoja cha mchemraba, uso wake wote ni kama sentimita moja ya mraba na ushee. Igawe iwe chembe za nanomita 3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na uso unafika takribani mita za mraba 166, ambao unatosha kufunika uwanja mzima wa voliboli. Gramu ni ile ile. Chembe ikiwa na nanomita 10, takribani atomi moja kati ya kumi ndiyo iko nje. Ikiwa na nanomita 3, ni kama theluthi. Ikishuka hadi nanomita 1, karibu zote ziko nje.

Hapo ndipo watu wanaporukia hitimisho kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri. Sivyo kila mara. Kuna mimenyuko isiyojali umbo wala ukubwa wa chembe, kama ethilini juu ya platinamu: kasi kwa kila atomi ya juu ni ile ile. Kuna mingine inayojali sana. Molekuli zenye bondi tatu, kama asetilini, huishikilia paladiamu kwa nguvu, na chembe zilizo ndogo mno, chini ya nanomita 2 au 3, kasi yake kwa kila atomi hupungua. Kwa kazi hiyo, chembe ndogo kupita kiasi ni hasara.

Kibebeo ni cha nini? Kwa nini nisitumie unga wa metali mtupu?

Chembe nano zikiachwa peke yake haziishi. Uso mkubwa ni gharama ya nishati, na metali haipendi kuilipa. Chembe zikipata joto zinakimbiliana na kuungana mpaka zinakuwa mabonge. Kibebeo ni kitu chenye vinyweleo vingi kinachozishika chembe mbali mbali zisikutane. Pia kinakupa punje au unga unaoweza kuchujwa, jambo ambalo mtu aliyewahi kuchuja unga wa nanomita 5 uliotawanyika kwenye mafuta hatalidharau.

Vibebeo vinavyotumika zaidi ni alumina, silika na mkaa amilifu. Gramu moja ya mkaa amilifu mzuri ina uso wa mita za mraba 800 hadi 1,200. Alumina ya aina ya gama iko kati ya 100 na 300. Mkaa hauathiriwi na asidi wala alkali, na una faida nyingine ambayo mhasibu huipenda: ukishachoka, unauchoma na kuikusanya metali ya thamani kwenye majivu. Haufai pale unapotaka kuhuisha kichocheo kwa kukichoma moto, maana kibebeo chenyewe kitaondoka na moshi.

Vibebeo vingine si watazamaji. Mwaka 1978 Tauster na wenzake wa Exxon walionyesha kwamba metali zikiwa juu ya titania (oksaidi ya titani) na kupashwa joto kali ndani ya haidrojeni, hupoteza uwezo wa kuishika haidrojeni ingawa chembe hazijakua. Baadaye ilionekana kuwa titania hupanda na kuzifunika chembe kwa utando mwembamba. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kibebeo ni rafu tu ya kuwekea metali, usimkubalie haraka.

Metali gani kwa kazi gani?

Nikeli ni ya kazi nzito na bei nafuu: mafuta ya kula, benzini, sukari. Paladiamu ni ya viwanda vya dawa na pale unapotaka bondi tatu igeuke kuwa mbili na iishie hapo. Platinamu haigusi kirahisi kundi la klorini lililoko kwenye pete, ndiyo maana watengenezaji wa rangi na viuatilifu huipenda. Rutheniamu ni hodari kwa sukari majini. Rodi ni hodari kwa pete za benzini, ila bei yake humfanya mtu afikirie mara mbili. Shaba ni pole. Huachia bondi nyingi salama na kushughulika na kundi la nitro au la esta, lakini haivumilii joto.

Kinatengenezwaje?

Njia ya kawaida ni kuloweka. Chumvi ya metali inayeyushwa majini, kibebeo kinanyweshwa maji hayo kiasi kile kile ambacho vinyweleo vyake vinaweza kumeza, kinakaushwa, kinachomwa ili chumvi igeuke oksaidi, kisha kinapitishiwa haidrojeni ya moto ili oksaidi irudi kuwa metali. Ukiisoma hivi inaonekana kama kupika uji. Ugumu umo kwenye kukausha: ukiharakisha, maji yanaivuta chumvi kwenda nje ya punje, na metali yote inajikusanya kwenye ganda. Wakati mwingine hicho ndicho unachokitaka. Wakati mwingine umeharibu mzigo mzima.

Ukitaka chembe zitawanyike vizuri zaidi, unacheza na chaji za umeme. Uso wa alumina ndani ya maji yenye asidi huwa na chaji chanya, kwa hiyo huvuta ayoni hasi zenye paladiamu na klorini. Silika hupendelea kuwa na chaji hasi, kwa hiyo unaipa ayoni chanya za paladiamu na amonia kwenye maji yenye alkali. Chumvi ile ile kwenye kibebeo kisichoendana nayo itaelea tu majini na kuja kukauka kama chumvi ya bahari kwenye jabali.

Nikeli ya mafuta ya kula hutengenezwa zaidi kwa kuigandisha juu ya silika kwa sodiamu kaboneti au yurea. Sehemu ya nikeli huingia ndani ya silika na kuwa silikati, na silikati hiyo ni sugu: inataka joto la nyuzi 450 hadi 500 au zaidi ndipo ibadilike kuwa metali. Baada ya hapo nikeli haiwezi kuguswa na hewa, hivyo hutumbukizwa kwenye mafuta yaliyogandishwa na kuuzwa kama vidonge vyeusi vidogo. Ukikivunja kidonge kimoja kwa kucha unaona kinang'aa kama nta. Kwa uzito, nikeli huwa kama robo au chini kidogo. Kingine ni silika na mafuta.

Pipa mbili zimeandikwa "5% Pd/C", yaani paladiamu juu ya mkaa. Moja inafanya kazi, nyingine inasuasua. Nimeibiwa?

Huenda hujaibiwa. Asilimia tano inakuambia uzito wa paladiamu na basi. Haikuambii kama chembe zina nanomita 2 au 12, kama metali iko juu juu ya punje za mkaa au imezama ndani, kama imeshapunguzwa kuwa metali au bado ni oksaidi na haidroksaidi, wala kama mkaa umetokana na mbao, vifuu vya nazi au makaa ya mawe. Kwa molekuli kubwa za dawa, metali iliyozama ndani ya vinyweleo vyembamba ni kama haipo.

Kuna na hili: kichocheo hiki kwa kawaida huuzwa kikiwa kimeloa, karibu nusu ya uzito ikiwa maji, na asilimia huhesabiwa kwa uzito mkavu. Kilo 100 za "5%" yenye maji nusu zina kilo 2.5 za paladiamu, si 5. Maji hayo si udanganyifu. Yapo kwa ajili ya usalama, kama tutakavyoona. Ila mtu wa ununuzi asipojua, atalinganisha bei za vitu viwili visivyolingana.

Ndani ya mtambo wa kugandisha mafuta kunatokea nini?

Tuingie ndani kidogo, kwa kuwa hapa kila kitu kinaonekana kwa pamoja.

Mafuta ya soya yaliyosafishwa yanaingia kwenye otoklevu, yaani tangi la chuma la shinikizo lenye pangaboi. Yanapashwa hadi nyuzi 140 au 150. Kichocheo kinaongezwa, kiasi kwamba nikeli yenyewe haifiki hata sehemu moja katika elfu ya uzito wa mafuta. Haidrojeni inafunguliwa kwa shinikizo la baa 1 hadi 5. Kuanzia hapo fundi hahitaji tena mvuke wa kupasha. Shida inakuwa kupoza. Kila namba ya iodini (kipimo cha wingi wa bondi mbili kwenye mafuta) ikishuka kwa kipimo kimoja, mafuta hupanda joto kwa takribani nyuzi 1.6. Soya huanza karibu na 130. Ukitaka kuyashusha hadi 70, joto litakalozaliwa lingetosha kuyapandisha nyuzi karibu mia moja zaidi, kama mabomba ya maji baridi hayafanyi kazi.

Sasa zile hatua mbili. Molekuli ya mafuta ikitua kwenye nikeli na kupokea atomi ya kwanza ya haidrojeni, bondi mbili inafunguka na pande zake zinaweza kuzunguka. Atomi ya pili ikiwa karibu, kazi inakamilika. Ikiwa haidrojeni imeadimika juu ya uso, molekuli hairidhiki kusubiri: inairudisha ile atomi moja na kuondoka na bondi mbili yake, ila sasa mara nyingi imegeuka upande. Hiyo ndiyo transi. Asidi ya oleiki ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 13 au 14. Dada yake wa transi, asidi ya elaidiki, huyeyuka karibu na 45. Kwa hiyo transi huyagandisha mafuta bila kutumia haidrojeni nyingi, na kwa miongo mingi watengenezaji waliiona kama zawadi.

Wanaotaka transi kidogo wanafanya kinyume cha yale yaliyoiletea wingi: joto dogo, shinikizo kubwa, kukoroga kwa nguvu ili haidrojeni isipungue kwenye uso wa nikeli. Transi inapungua, haiishi. Yanayoishiwa transi kabisa ni mafuta yaliyogandishwa mpaka mwisho, maana hakuna bondi mbili iliyobaki ya kugeuka. Mafuta hayo huwa magumu kama mshumaa, na huchanganywa na mafuta majimaji ili yapakike kwenye mkate.

Kwa hiyo mafuta ya kuganda yote yana transi?

Hapana. Denmark iliweka kikomo cha kisheria mwaka 2003. Mamlaka ya chakula ya Marekani, FDA, iliamua mwaka 2015 kwamba mafuta yaliyohaidrojenishwa nusu hayahesabiki tena kuwa salama, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 likatoa wito wa kuyaondoa duniani kote. Isitoshe, mafuta mengi ya kupikia yanayoganda katika Afrika Mashariki yametokana na mawese yaliyoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, na mawese huganda yenyewe. Unayatenganisha kwa kuyapoza na kuyachuja, bila haidrojeni. Usihukumu kwa kuona yameganda. Soma lebo: ukikuta yamehaidrojenishwa nusu, hapo ndipo pa kuuliza.

Nikeli inabaki kwenye mafuta?

Baada ya kuchuja na kupitisha kwenye udongo wa kupaushia, hubaki sehemu ndogo ya miligramu moja kwa kilo. Kiwanda kinachochuja ovyo kinapoteza nikeli na kuharibu ladha, kwa sababu mabaki ya metali huyafanya mafuta yaharibike upesi.

Tupe mfano usio wa chakula.

Asetilini kwenye ethilini, na naipenda kuliko yote.

Mitambo mikubwa ya petrokemikali, kama ile ya Jubail kule Saudi Arabia, hutengeneza ethilini, na ethilini ndiyo inayokuja kuwa polithini ya ndoo, madumu na mifuko. Ndani ya ethilini inayotoka kwenye tanuri kuna asetilini kama asilimia 0.5 hadi 2. Kiasi hicho kinaua kichocheo cha kutengenezea polithini, kwa hiyo lazima kishuke hadi sehemu chache kwa milioni. Mtihani ni huu: ipe haidrojeni ile asetilini kidogo, bila kuigusa ethilini iliyoizunguka kwa wingi usio na kifani. Ukiigusa ethilini umetengeneza ethani, na umepoteza bidhaa uliyoisafisha kwa gharama.

Kinachotumika ni paladiamu iliyochanganywa na fedha juu ya alumina. Paladiamu ni kidogo kiasi cha kuchekesha, kama asilimia 0.01 hadi 0.05. Na kibebeo hapa ni alumina ya aina ya alfa, yenye uso mdogo, chini ya mita 10 za mraba kwa gramu, kinyume cha yote tuliyosema juu. Sababu ni kwamba ethilini ikizama kwenye kinyweleo kirefu itakaa humo na kuhaidrojenishwa. Metali inawekwa kwenye ganda jembamba la nje ili molekuli iguse na kuondoka. Fedha inazitenga atomi za paladiamu, haidrojeni isirundikane.

Asetilini inashika paladiamu kwa nguvu kuliko ethilini, kwa hiyo ikiwepo, inaizuia ethilini isitue. Hatari inakuja inapokaribia kwisha. Kaboni monoksaidi kidogo iliyomo kwenye gesi husaidia kuwa breki. Ikishuka ghafla, kichocheo kinapata makali ya kupindukia, ethilini inaanza kupokea haidrojeni, joto linapanda, na joto likipanda mmenyuko unaongeza kasi. Waendeshaji wa mitambo hiyo huangalia kipimajoto cha chini ya tangi kwa jicho moja na kipimo cha kaboni monoksaidi kwa jicho la pili.

Kichocheo kinakufa vipi?

Kwa njia nne, na katika viwanda vingi ya kwanza ndiyo kubwa.

Sumu. Salfa ndiyo adui namba moja wa nikeli na paladiamu. Atomi yake ikishika haiondoki kwa joto la kazi. Fosforasi, klorini, bromini, risasi, zebaki na aseniki zimo kwenye orodha. Kwa mafuta ya kula, watuhumiwa ni fosfolipidi zilizobaki kwa sababu ya kuondoa utomvu vibaya, sabuni iliyobaki baada ya kusafisha kwa soda, na asidi huru zinazokula nikeli na kuigeuza sabuni ya kijani. Mafuta ya samaki na ya rapa huja na salfa yake. Nimeona watu wakibadilisha wauzaji wa kichocheo mara kadhaa ilhali tatizo liko kwenye tangi la kusafishia mafuta. Kabla ya kulaumu kichocheo, pima salfa na fosforasi kwenye kinachoingia.

Kuungana kwa chembe. Kanuni ya mkono ni kwamba atomi za metali huanza kutembea sana joto likifika nusu ya kiwango cha kuyeyuka, kwa kipimo cha Kelvini. Kwa nikeli hiyo ni kama nyuzi 590 za Selsiasi, kwa paladiamu kama 640, kwa shaba kama 405 tu. Juu ya uso, mwendo huanza mapema zaidi, na klorini iliyobaki kutoka kwenye chumvi ya kutengenezea huuharakisha. Ndiyo maana mtu makini huiosha.

Masizi na utelezi. Asetilini inaungana yenyewe kwa yenyewe na kutengeneza mafuta mazito ya kijani yanayoziba vinyweleo.

Kuyeyuka. Kwenye asidi, au molekuli zenye naitrojeni zinazoishika metali, paladiamu inaondoka taratibu na kwenda na bidhaa. Kwa kiwanda cha dawa hilo ni balaa mara mbili: hasara ya metali na uchafu kwenye dawa.

Kinaweza kuhuishwa?

Masizi, ndiyo, kwa hewa iliyochanganywa na naitrojeni au mvuke, joto likipandishwa pole pole. Ukiharakisha, masizi yanawaka kweli na chembe zinaungana, ukawa umetibu ugonjwa na kumuua mgonjwa. Sumu ya salfa kwa kawaida haitoki. Nikeli ya mafuta hutumika tena mara chache ikichanganywa na mpya, kisha huuzwa kwa wanaoyeyusha metali. Paladiamu na platinamu hurudishwa kwa msafishaji karibu zote.

Kwa nini unga mweusi wa paladiamu huwaka wenyewe?

Kwa sababu umeloweshwa haidrojeni na una uso mkubwa unaogusana na oksijeni, na kibebeo chake ni mkaa. Baada ya kazi, keki iliyobaki kwenye kichujio ikianza kukauka, hasa ikiwa na methanoli ndani, utaona kwanza kingo zinabadilika rangi, kisha cheche nyekundu inatembea kama kwenye utambi wa ubani. Mvuke wa methanoli uko pale pale.

Iache keki iwe imeloa maji muda wote. Usimimine kiyeyushi kama methanoli juu ya kichocheo kikavu penye hewa, tanguliza naitrojeni. Fukuza hewa kwa naitrojeni kabla ya kufungua haidrojeni, na fukuza haidrojeni kwa naitrojeni kabla ya kufungua mfuniko. Haidrojeni hushika moto ikiwa asilimia 4 hadi 75 ndani ya hewa. Hakuna gesi nyingi zenye ukarimu wa aina hiyo. Kichujio kilichotumika usikitupe kwenye pipa la karatasi.

Na nikeli? Ni salama zaidi?

Ikiwa kwenye vidonge vya mafuta, ndiyo, mpaka vidonge viyeyuke. Nikeli iliyo wazi huwaka pia. Hatari yake ya pekee ni kaboni monoksaidi: zikikutana kwenye joto dogo, zinatengeneza nikeli karbonili, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 43 na chenye sumu kali sana kwa mapafu. Unapopoza mtambo wa nikeli, hakikisha kaboni monoksaidi imeondolewa kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 200 hivi. Vumbi la nikeli nalo ni la kuogopa. Vaa barakoa inayofaa, si kitambaa.

Kichocheo cha Lindlar ni nini?

Ni paladiamu juu ya kalsiamu kaboneti iliyotiwa sumu makusudi kwa risasi, na kwinolini ikaongezwa. Herbert Lindlar aliieleza mwaka 1952 akiwa Hoffmann-La Roche, katika kazi ya vitamini A. Sumu ikitumika kwa kipimo inaifanya paladiamu iishie kwenye bondi mbili. Leo watu wanatafuta namna ya kufanya hivyo bila risasi, na wana haki.

Nikeli ya Raney ni ya kundi hili?

Si hasa. Murray Raney, mwaka 1926, aliyeyusha nikeli pamoja na alumini, kisha akaiyeyusha na kuiondoa alumini kwa soda kali. Kinachobaki ni sifongo ya nikeli isiyo na kibebeo. Bado inatumika sana kwa kuwa ni rahisi na ina makali.

Nitajuaje ukubwa wa chembe?

Hadubini ya elektroni inakuonyesha chembe chache sana kwa uwazi, na mtu anayeichukua picha huchagua pazuri. Kufyonza haidrojeni au kaboni monoksaidi kunakupa wastani wa uso wote, ila kwa paladiamu angalia shinikizo, maana haidrojeni huingia mpaka ndani ya metali na kukudanganya. Mionzi ya eksi haizioni vizuri chembe zilizo chini ya nanomita 3. Ukiwa na vipimo viwili vinavyopingana, usichague unachokipenda. Tafuta kwa nini vinapingana.

Nasikia sasa wanatumia atomi moja moja. Ni kweli?

Ni kweli maabara, na kidogo nje yake. Mwaka 2011 kundi la Tao Zhang, China, lilionyesha atomi za platinamu zilizotengana juu ya oksaidi ya chuma. Mwaka 2012 kundi la Charles Sykes, Marekani, lilionyesha atomi pweke za paladiamu kwenye uso wa shaba: paladiamu inaipasua haidrojeni, shaba inafanya kazi kwa upole. Wazo hilo la pili naliona na maisha marefu zaidi kwa haidrojenesheni, kwa sababu atomi pweke mara nyingi huchelewa kuipasua haidrojeni bila jirani.

Metali hizi zinatoka wapi? Tunazo?

Platinamu nyingi duniani inatoka Bushveld, Afrika Kusini. Paladiamu inatoka huko na Urusi, hasa Norilsk. Nikeli tunayo ardhini: Kabanga, wilayani Ngara nchini Tanzania, na Musongati nchini Burundi. Lakini kutoka mwamba hadi kidonge cheusi cha kichocheo kuna kusafisha, kuyeyusha kuwa chumvi, kugandisha juu ya silika na kupunguza kwa haidrojeni, na kila hatua ni kiwanda.

Nimuulize nini muuzaji kabla ya kununua?

Uzito wa metali kwa kipimo kikavu, na kiasi cha maji. Uso wa metali kwa gramu, na kwa kipimo gani ulipatikana. Metali iko kwenye ganda au imeenea ndani. Imeshapunguzwa au bado. Klorini na salfa iliyobaki. Unga unachujika kwa kasi gani, maana kichocheo chenye makali kinachoziba kichujio kitakuchelewesha kuliko cha polepole. Kama ni metali ya thamani, ni nani atairudisha na atakata asilimia ngapi. Kisha omba sampuli ya mzigo ule ule utakaokujia, uijaribu kwa mafuta au kemikali yako kama yanavyotoka kwenye tangi lako, si kwa yale safi ya chupa ya maabara.